Udongo wa Mama na Treni ya Papa

Nyinyi vijana mutakaosoma haya, kaeni chini kwanza, na hizo simu muzifunike. Mimi si mwalimu. Masomo yangu yaliishia primaire, tena katikati, na kalamu inanichosha mukono kuliko jembe. Sitarudilia neno. Munapenda kuulizana kwa nini ninagomba mutu akifagia lupango, uwanja wa nyumba, na kutupa udongo barabarani pamoja na takataka. Munasema uzee umeniingia kichwani. Sawa. Someni, halafu museme tena.

Jambo lenyewe lilinirudia juzi kwa njia ya pua. Nilipita mbele ya mama mumoja anayeuza kanyanga, ile pombe kali ya kuchemshwa, naye alikuwa anamuonyesha muteja kwamba yake haikuchanganywa na maji. Alimimina kidogo kwenye kijiko, akawasha kiberiti, ukatoka moto wa bluu usio na moshi, na ile harufu tamu yenye kuunguza koo ikanikamata pale pale njiani. Watu wengine harufu hiyo inawakumbusha walevi wao. Mimi ilinikumbusha treni.

Najua. Goma haina treni, na haijapata kuwa nayo. Shida zetu zilianzia hapo.

Papa yangu alikuwa mutu wa Kindu, Muislamu mwana wa Muislamu, na ujana wake wote aliufanyia kazi relini. Hakuwa anaendesha treni, hapana. Yeye alisimama pale reli zinapoachana, akavuta chuma kirefu ili treni ishike njia yake na si ya mwenzake. Waasi walipoingia Kindu alipanda treni ya mwisho iliyotoka. Mama yake, koko wangu ambaye sikumuona hata siku moja, alikuwa amefika naye mpaka kituoni, kisha akakumbuka kuku wake. Akamwambia, "Tangulia, mimi nitapanda ile ya kesho." Kesho yake hakukuwa na treni. Papa akazunguka na vita, leo kwa mutu huyu, kesho juu ya kamio ya mizigo ya yule, mpaka akatupwa Goma, muji wa mawe meusi. Akaoa. Akajifunza kukata bati, akawa fundi wa taa na sufuria. Hiyo ndiyo habari yake yote, na yeye aliisema kwa maneno machache kuliko haya niliyotumia.

Mama yangu alikuwa Munande wa Butembo, mutoto wa wakulima. Alisilimu kwa ajili ya ndoa, jina akabadilisha, lakini jembe hakuliacha. Sasa muchukue mutu wa namna hiyo, mumuweke juu ya mawe ya volkano. Lupango letu lilikuwa upande wa juu wa muji, kando ya barabara ya Rutshuru, na hapakuwa udongo hata wa kujaza kikombe. Ukipiga jembe, jembe linaruka na kutoa cheche. Kwa hiyo mama alienda kulima kwa watu, huko juu ambako mawe ya zamani sana yalikuwa yameshaoza na kuwa ardhi, na alikuwa amepatana na mwenye shamba kwamba asimulipe kitu chochote isipokuwa udongo. Wanawake wenzake walirudi na viazi, na ndizi. Yeye alirudi ameinama, kitunga cha udongo mugongoni, kamba yake ikivuta paji la uso vile Wanande wanavyobeba, na watu wa barabarani wanamuuliza, "Mama, unaenda kuzika nani?" Alipita tu. Alifika nyuma ya nyumba, akamwaga ndani ya duara la mawe alilolipanga mwenyewe, akausawazisha kwa kiganja kama mutu anayelaza mutoto, na kesho yake alienda tena. Humo alipanda maharagi na mboga za lengalenga. Tulikula kutoka humo. Taa za papa zilinunuliwa siku ambazo watu walikuwa na pesa, na maharagi ya mama yalikuwako kila siku.

Basi papa akajenga reli nyuma ya nyumba.

Sijui niwaelezeje, maana nyinyi mukisikia treni ya kuchezea munafikiri kitu cha plastiki cha kununua sokoni Birere. Hii aliitengeneza kwa mikono yake. Reli zenyewe zilikuwa pete za chuma zinazofunga mapipa, alizozinyoosha kwa nyundo mpaka majirani wakachoka na kelele. Mabehewa yalikuwa makopo ya maziwa na ya sardini. Na mashine, ile ya mbele, aliipa tumbo la bomba la shaba, akaijaza maji, na chini ya tumbo akaweka kisahani cha moto. Maji yakichemka, mvuke unasukuma kitu huko ndani, magurudumu yanaanza kuzunguka, na ile takataka inaondoka yenyewe, chi, chi, chi, ikipita kando ya jiko, ikizunguka duara la maharagi, ikielekea choo. Papa alivaa kofia yake ya relini, kepi, kila alipoiwasha. Mutu muzima na ndevu zake, anachuchumaa mbele ya choo amevaa kepi.

Ule moto wa kisahani ulitaka kanyanga. Petroli ingelipua mashine, mafuta ya taa yaliipaka masizi, ni kanyanga tu iliyowaka safi. Sasa mwanaume wa Kiislamu atanunuaje kanyanga? Alinituma mimi. Muuzaji alikuwa jirani yetu, Mama Kavira, Munande mwenzake na mama, mwanamuke mwenye mudomo usiofungwa hata na kufuli.

"Zaina, papa yako ameanza lini kunywa?" aliniuliza mara ya kwanza, na wateja wake wote wakageuka.

"Hanywi," nikasema. "Ni ya treni."

"Treni ndiyo inakunywa?"

"Kila jioni. Isipokunywa haitembei."

Wakacheka mpaka mumoja akamwaga chake. "Hata bwana yangu ni vile vile," akasema Mama Kavira. "Basi uwaambie kwenu, siku treni ikianza kupiga mama yako, mukimbilie hapa." Nilibeba kile kichupa mpaka nyumbani bila kuelewa kwa nini walicheka, kwa sababu nilichosema kilikuwa kweli tupu.

Lakini kanyanga haikuwa shida kubwa. Shida ilikuwa udongo. Mama alirudi jioni moja, akasimama mbele ya duara lake la mawe bila kutua kitunga.

"Papa Zaina, udongo wangu umeenda wapi?"

"Haujaenda mahali. Uko hapa hapa lupangoni."

"Ninauliza umeufanya nini."

"Nimeinua njia kidogo, pale penye shimo. Treni haiwezi kupanda kama mbuzi, mama. Reli inataka kulala sawa."

"Weka mawe. Goma nzima ni mawe. Mungu amekunyima mawe?"

"Mawe yanatikisika. Reli inalala juu ya mbao, mbao juu ya kokoto, kokoto juu ya udongo. Ndivyo ilivyo. Hata wakati wa Wabelgiji ilikuwa vile."

"Basi uende ukachukue udongo wa Wabelgiji."

Akaahidi hatagusa tena. Akagusa tena. Alikuwa anachota na kopo, kidogo kidogo, pale pembeni, akifikiri mwenye udongo hataona. Mwanamuke aliyebeba kitu kwa paji la uso lake anakijua mpaka punje. Mama alichimbua njia ya reli, akarudisha udongo wake kwenye duara, treni ikabaki imening'inia hewani juu ya mbao zake kama mufu aliyekosa kaburi. Juma likipita, udongo umehama tena. Nilikua katikati ya watu wawili wazima wanaoibiana udongo. Hata leo nikiwaza habari hiyo, meno yananiuma.

Mimi nilikuwa upande wa papa, na sababu yangu ilikuwa hii. Vituo vya reli yetu vilikuwa na majina. Pale jikoni aliandika kwenye kibati jina la kituo kimoja, kando ya maharagi kingine, na mwisho kabisa, kwenye ukuta wa choo, ng'ambo ya shimo lililokuwa katikati ya mawe, aliandika Kindu. Aliniambia, "Pale ndipo koko yako anakaa." Mutu asimwambie mutoto maneno kama hayo halafu aende zake kukata bati. Niliamini. Niliamini kwamba Kindu iko nyuma ya choo, kwamba koko anakaa huko na kuku wake, na kwamba haji kwetu kwa sababu moja tu: reli inafikia kwenye shimo na kukatika. Nilikuwa nachukua karanga katika chungu cha mama, najaza behewa la sardini. Treni ikisimama ukingoni mwa shimo, papa anatoa zile karanga, anasema, "Zilizobaki nitazifikisha mwenyewe." Nikiuliza kesho yake, anasema zimefika, koko ameshukuru. Nilifikiri karanga ni za kula. Zilikuwa mbegu za mama.

Siku mama alipogundua chungu kimebaki nusu, hakunipiga. Alinisikiliza mpaka mwisho, habari ya koko, ya kuku, ya shimo. Kisha akaenda kusimama mbele ya papa, aliyekuwa amekaa juu ya kibao chake na mukasi wa bati.

"Unamwambia mutoto mama yako yuko hai?"

Papa akaendelea kukata. "Nani amekuambia amekufa?"

"Hakuna aliyeniambia lolote. Hata wewe."

"Basi."

"Na mbegu zangu?"

"Nilizila," akasema papa. "Ningezirudisha, ungeuliza zimetoka wapi."

Mama akasogea karibu. Akasema maneno nitakayoyaandika vile vile, kwa sababu tangu siku hiyo mimi sikulala vizuri: "Nisikilize. Mutu wako wa Kindu ninamuheshimu, sina ugomvi naye. Lakini hawa watoto wanakula hapa. Ukigusa tena udongo ule, nachukua watoto, napanda kamio, ninarudi kwetu Butembo. Sirudi."

Na mama yangu hakuwa mutu wa kutisha watu kwa mudomo. Nilianza kulinda lile duara la maharagi kama polisi. Nikimuona papa na kopo mukononi, nakimbia kusimama mbele yake. Nilitaka reli ifike Kindu, na sikutaka kwenda Butembo, na kichwa cha mutoto hakikujua kuweka vitu hivyo viwili pamoja.

Papa alivumilia mpaka maharagi yakatoa maua. Ndiyo, mpaka maua. Mutu angechagua wakati mwingine wowote. Asubuhi mama alipoenda shamba na Amisi, mudogo wangu, papa akaanza kuzunguka lile shimo la mwisho, anapima kwa kamba, anapima kwa jicho, anavua kepi, anaivaa. Kisha akaleta chepe. Aliondoa nusu nzima ya duara, maharagi na maua yake yamelala ubavuni mizizi juu, akajaza shimo, akashindilia kwa miguu, akatandika kokoto, mbao, reli. Ilipofika saa ya adhuhuri akaniita niwashe kiberiti. Treni ikatoka jikoni, ikapita, ikapanda juu ya udongo wa mama bila kuyumba, ikaenda kugonga kile kibati cha Kindu, ting. Ikasimama hapo inatoa mvuke. Papa akachuchumaa karibu yake. Mimi sikumuona uso kwa sababu ya kepi. Nilikuwa narukaruka. Njia imefunguka, nilisema moyoni, sasa koko anaweza kuja.

Mama aliporudi hakugomba. Alitua kitunga kimejaa, akaenda kuangalia, akaokota maharagi yaliyong'olewa, akayafunga kama kuni, akaweka pembeni. Akapika. Tukala. Kisha akaanza kukunja vitenge.

"Mama Zaina," papa akasema.

"Maji ya kuoga yako jikoni," mama akajibu. Basi.

Asubuhi tukasimama barabarani kungojea kamio ya Butembo: mama, bulungushi la vitenge kichwani, Amisi mugongoni, mimi nimeshikwa mukono. Mama Kavira alitusindikiza, na alikuwa anapanga maneno ya kumupa mama apeleke kwao, salamu kwa huyu, chumvi kwa yule, kama vile tunaenda harusini. Kamio ikachelewa, kama kawaida ya kamio. Tukiwa pale, watu upande wa chini wakaanza kucheka. Nikageuka.

Papa alikuwa anapanda barabara na kitunga cha udongo mugongoni. Amevaa kamba kwenye paji la uso kama mwanamuke wa Kinande, na kwa kuwa hakukubali kuacha kepi yake, kamba ilikuwa imeibana kepi ikamuziba jicho moja. Goma yote sikuwa nimeona mwanaume akibeba vile. Alikuwa anatembea kama mbuzi mwenye mimba.

"Chef," Mama Kavira akamuita, "treni imekosa mafuta?"

Papa akamupita. Akafika mbele ya mama, hakutua muzigo. "Nimeung'oa wote," akasema. "Kindu nimeibomoa. Huu ni wa jana, mwingine nimerudisha ndani ya mawe. Huu nimeuleta uuone."

"Umeniletea udongo barabarani."

"Ndiyo."

"Ili niufanyie nini barabarani?"

Papa hakuwa amefikiri mpaka hapo. Niliona mama anauma mudomo, na mimi mutoto sikujua kama ni hasira au ni kicheko. Mpaka leo sijui, kwa sababu wakati ule ule ardhi ikatikisika.

Kwanza ilikuwa ngurumo chini ya miguu, ya kukaa, haikukoma. Kisha huko juu, upande wa mulima, moshi ukainuka, mweusi na mweupe pamoja, ukipanda haraka, na harufu ya kiberiti. Sasa mukumbuke mimi nilikuwa nimefundishwa nini. Papa aliniambia mara nyingi kwamba treni kubwa, ile ya kweli, kabla hujaiona ardhi inatetemeka, halafu unaona moshi. Na reli ilikuwa imefika Kindu jana. Kubomolewa kwake asubuhi hiyo sikukuweka hesabuni, niliona koko amekwisha kupanda.

"Koko amefika," nikasema. Nikachomoa mukono wangu, nikakimbia kupanda juu, kuelekea ule moshi, kumupokea.

Watu walikuwa wanashuka wakikimbia, mimi napanda katikati ya miguu yao. Mama alinikamata kwa nguo, nguo ikapasuka, akanikamata kwa nywele. Alinivuta hivyo hivyo. Nililia kwamba muniache, koko atapotea njia, na nikaona kwa macho yangu, huko juu barabarani, kitu chekundu kikishuka kati ya miti, na miti ikiwaka mumoja mumoja kabla hakijaifikia. Hakikuwa na haraka ya mutu. Kilikuwa na haraka ya maji.

Tukashuka na muji wote kuelekea ziwa. Tulipita mbele ya mulango wa lupango letu. Ulikuwa wazi, na papa akapunguza mwendo. Mashine yake ilikuwa humo, nyuma ya nyumba, hatua chache tu. Mama aliona. Mimi niliona. Papa akageuza uso na kutufuata, na kitunga bado mugongoni.

"Mwaga huo udongo," mama akamuita huku akikimbia.

"Hapana."

"Mwaga, utaanguka."

"Ni wako," papa akasema.

"Ninakuambia mwaga, wewe mutu, watoto wako watakufa kwa sababu ya kukungojea."

"Musiningojee."

Hata ungekuwa wewe, ungefanya nini na mutu wa namna hiyo? Mama akarudi nyuma, akashika kitunga upande mumoja ili kisimuyumbishe, na tukakimbia hivyo, wakigombana. Watu walibeba magodoro, mbuzi, cherehani, muzee mumoja alibebwa juu ya kiti chake. Sisi tulifika kando ya ziwa bila sufuria, bila blanketi, lakini na udongo. Mama Kavira, ambaye alikimbia na madumu yake ya kanyanga, alimutazama papa akitua ule muzigo, akaketi chini.

Moto haukufika ziwani. Ulisimama huko juu, baada ya kula watu na mashamba, na lupango letu lilikuwa upande uliopitiwa. Tuliporudi kuangalia, mawe mapya yalikuwa bado yanachoma miguu. Nyumba ya mbao haikuacha hata musumari. Duara la maharagi, choo, jiko, reli, vyote vilikuwa chini, na juu yake jiwe jeusi lililokunjamana kama kitenge kilicholowa. Shamba ambako mama alilipwa udongo halikuwako. Papa alisimama akavua kepi. Mama alipiga jiwe kwa kisigino, kama mutu anayebisha hodi, akasema, "Sasa ni mawe juu ya mawe." Nikangoja aseme habari ya Butembo. Barabara ilikuwa imekatika, kweli, lakini barabara inatengenezwa. Hakusema siku ile, na hakusema tena maisha yake yote.

Mutu wa Maniema, upande wa Kindu, aliyesali na papa alitugawia nafasi Mabanga, mutaa mwingine wa Goma. Mawe vile vile. Kitunga kimoja cha udongo kilitangulia kuingia humo kabla ya kitanda. Papa ndiye aliyeanza kutafuta mwingine, mbali zaidi ya kule mama alikokuwa anaenda, na alibeba kwa paji la uso, na watu wa Mabanga walimucheka mpaka wakachoka. Kepi aliiacha nyumbani. Polepole uwanja wa nyuma ukajaa. Mama akapanga mawe yake. Na siku ya kupanda, nikaona jambo ambalo lilinishangaza: kandokando ya ukuta wote, kuzunguka maharagi, aliacha njia tupu, upana wa viganja viwili hivi. Akaisawazisha kwa kiganja. Akaondoa kokoto kubwa.

"Hapa ni kwa nini?" nikamuuliza.

"Muulize papa yako anangoja nini."

Papa hakujenga. Tulifikiri anatafuta chuma. Chuma kikapatikana, pete za mapipa zilijaa Goma, Mama Kavira mwenyewe alimuletea kichupa na kusema hiki ni bure, tumechoka kukuona umepoa. Papa alishukuru, akaweka kichupa juu ya kabati. Jioni alitembea juu ya ile njia, mikono nyuma, akizunguka bustani mpaka mwisho, akirudi. Mama anamutazama kutoka jikoni.

"Si ujenge basi?"

"Bado."

"Udongo unao. Njia ninakuachia. Unataka nikuvutie mimi hiyo treni?"

"Bado, mama."

Hapo ndipo mama yangu alipokasirika kweli, kuliko wakati wa kuibiwa. Kila musimu aliacha njia ile, kila musimu alilaani. Aling'oa majani humo akinung'unika kwamba hajawahi kuona mwanamuke anapalilia reli isiyokuwako. Mahali pale pangetoa maharagi ya siku nyingi. Hakupanda. Papa akafa, akazikwa, mama akaendelea kupalilia njia tupu, akilaani kwa sauti ile ile, kama vile papa yuko nyuma ya mulango. Alipozeeka mugongo, jembe likawa langu, na njia ikawa yangu pia. Sikuambiwa niiache. Niliiacha tu, na kila mara nikiinama pale kung'oa majani nilisikia hasira yake inapanda katika shingo yangu mimi.

Halafu kikaja kipindi hiki munachokijua wenyewe. Volkano ilikuwa imeshatupitia tena, na waasi juu ya waasi. Mara ile barabara ya Rutshuru ilifungwa kabisa. Maharagi ya Kiwanja hayakushuka, ya Bunagana hayakupita, na yale machache ya sokoni mutu aliyatazama tu na kwenda zake. Nyumba yangu ilikuwa imejaa watu, wangu na wa kukimbia vita. Tulikuwa tunapika mara moja, na watoto wadogo wanalamba mwiko. Binti yangu Mwamini akasimama na jembe pale uwanjani.

"Mama, pale kandokando ya ukuta kuna udongo muzuri umelala bure."

"Pale ni pa treni," nikasema.

Watoto wakanitazama. Mumoja akauliza treni gani. Nikaona niko mwanamuke muzima ninayegombania na watoto wenye njaa nafasi ya kitu ambacho hata mwenyewe alikikataa. Nilimuona mama yangu kichwani mwangu, akipiga lile jiwe kwa kisigino. Yeye angekuwa ameshapanda. Aliacha njia wakati tulikuwa tunashiba.

Nikawaita wote, wakubwa kwa wadogo, nikawaambia: "Chukueni majembe. Pandeni maharagi hapa pote, mpaka ukutani, musiache hata pa kukanyaga. Treni ikija, itangoja tuvune."